Uzito wa Mtutu



Nilipokuwa nikihudumu kwa muda katika jimbo la Montana, Marekani, nilifahamiana na mzee mmoja, fundi mstaafu wa mitambo. Marehemu baba yake alimwachia bunduki ya kuwindia kulungu. Mabega ya mzee yalikuwa yamechoka, na milima ya huko haina huruma. Hivyo akakusudia kuipunguza uzito kwa kuchonga mifereji sita kwenye mtutu wake, katika karakana yake ya nyumbani.

Kazi hiyo si ya ajabu miongoni mwa mafundi wa huko. Mtutu hufungwa kwenye mashine ya kuchongea chuma, hukatwa mfereji mmoja kwa urefu, kisha huzungushwa nyuzi 60 na kukatwa wa pili, hata ikamilike sita. Katika mtutu wenye kipenyo cha milimita 20, mifereji yenye kina cha milimita 2, upana wa 6 na urefu wa 400 huondoa takriban gramu 150. Sehemu ya nyuma inayoibeba risasi haiguswi kamwe, kwa kuwa ndiko shinikizo la baruti lilikokithiri.

Wengi husema kwamba mifereji huuimarisha mtutu. Hapo yatupasa kupambanua. Mtutu wenye mifereji ni mgumu kupinda kuliko mtutu laini mwembamba wenye uzito uleule. Lakini si mgumu kuliko ulivyokuwa wenyewe kabla ya kuchongwa. Faida yake ni wepesi, pamoja na eneo pana zaidi la kupozea joto. Nguvu haiongezwi kwa kupunguza.

Lipo na jambo lililofichika. Mitutu mingi hutiwa mifuo ya ndani kwa kusukuma au kuvuta kitufe kigumu kinachoukandamiza chuma. Mkandamizo huo hubaki ndani ya chuma, umetulia. Ukiondoa nyama ya nje bila kwanza kuupasha mtutu joto la kuulegeza, tundu huweza kutanuka au kupinda, na shabaha ikapotea.

Mzee huyo hakuwa na pupa. Alitwaa kwanza mtutu chakavu, akauchonga, kisha akapitisha pini ya kupimia. Pale palipokuwa pazima pini ilibana. Penye mifereji ikapita kwa ulegevu. Aliniita, akanipa niishike mwenyewe. “Padre,” akasema, “hiki kikishatoka hakirudi.”

Ule wa baba yake hakuuchonga. Msimu ule alipanda mlima taratibu zaidi, akipumzika mara nyingi.

Ndugu msomaji, si kila mzigo ni wa kubebwa hivyo hivyo. Mwingine hupunguzwa kwa haki. Lakini kabla hujaupunguza ulioachiwa, jiulize kilichofungwa ndani yake ni nini, nawe ujaribu kwanza juu ya chuma chakavu.