Mpira wa mbali

Tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe, timu iliyoanzishwa Lubumbashi na Mapadre Wabenedikto mwaka 1939, iliishinda Internacional ya Brazili magoli 2 kwa 0. Sisi tulisongamana kwa jirani, mbele ya televisheni. Kipa Kidiaba aliporukaruka akiwa ameketi chini, tulimwona vizuri kuliko kiwanjani, ambako migongo ya watu warefu hutuziba macho.

Siku 4 baadaye, Inter ya Milano ilitufunga 3 kwa 0. Tuliwaita vijana wetu kwa sauti, hakuna aliyetusikia. Kiwanjani, hata tukishindwa, huwangoja watoke tukawapigia makofi. Siku ile jirani alizima televisheni, nasi tukarudi kimya, kama watu waliokosa kumzika ndugu yao.