Kosa Langu la Kunyamaza

Mwaka 1994 nilikatwa posho ya usiku mzima kwa kosa la kunyamaza. Nilikuwa nikipiga gita la rizimu katika bendi moja ya dansi iliyotumbuiza Maili Moja, Kibaha, kila Jumamosi. Wimbo ulikuwa umefika kwenye chemko, ukumbi umefurika, nami nikainua mkono kwenye nyuzi kwa kitambo kidogo ili niusikie mlio unavyokwisha. Onyesho lilipomalizika kiongozi wetu akaniita pembeni. "Kijana, watu wamelipa kiingilio. Gita likinyamaza watadai hela yao."

Sikumlaumu, kwa maana ndivyo tulivyolelewa. Katika dansi yetu solo linaongea, rizimu inaitikia, besi linatembea chini. Asiyeziba nafasi yake anawaangusha wenzake. Nyimbo tulizojifunzia ni zile za Radio Tanzania, ambako bendi nzima ilirekodi kwa mkupuo mmoja. Akikosea mmoja, mnaanza upya wote. Kunyamaza na kukosea vilikuwa ndugu.

Bendi yetu ilikufa bila matanga. Vijana walihamia bongo fleva, mwenye ukumbi akageuza jukwaa kuwa stoo ya bia, nami nikauza ampilifaya na kulitundika gita ukutani. Lilikaa hapo miaka mingi likikusanya vumbi la Barabara ya Morogoro.

Aliyelishusha ni mpwa wangu. Dada yangu aliolewa Kisarawe, na huyu kitinda mimba wake alishinda na kompyuta akitengeneza midundo. Mwaka 2021 alikuja na maikrofoni ndani ya begi la shule.

"Shikamoo mjomba. Lile gita bado lina nyuzi?"

"Marahaba. Zipo nne."

Alitaka tutengeneze albamu isiyo na ngoma wala mwimbaji. Nilicheka. Kutoka Kisarawe? Msondo na Sikinde ni ngoma za Wazaramo kabla hazijawa majina ya bendi kubwa za Dar es Salaam. Muhidin Gurumo, aliyeziimbia zote mbili, ni mzaliwa wa Masaki, humo humo Kisarawe, na huko ndiko alikozikwa Aprili 2014. Mtoto wa vilima vya huko anaondoaje ngoma?

Hakubishana nami. Alinipa vipokea sauti vya masikioni, akanifungulia *Assembly*, albamu ya mwaka 2002 ya Hukwe Zawose na Michael Brook. Zawose nilimfahamu: Mgogo wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo, mkoa wetu huu wa Pwani, bingwa wa zeze na ilimba. Brook sikuwahi kumsikia. Ni mpiga gita wa Kanada aliyebuni gita ambalo mlio wake unarudishwa kwenye uzi wenyewe, kwa hiyo noti ikishapigwa haifi mpaka mpigaji aamue. Katika albamu ile hashindani na mzee. Mahali pengi gita limetandazwa kama mkeka, na ilimba imekaa juu yake.

Muziki wa namna hiyo wenyewe huuita ambienti. Jina hilo lilienezwa na Mwingereza Brian Eno kwa albamu yake ya viwanja vya ndege ya mwaka 1978, mwaka ule ule Gurumo na wenzake walipoianzisha Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde. Kule walitafuta muziki wa mtu aliyeketi, huku kwetu tukatafuta wa kumwinua kitini.

Tulianza kazi. Mpwa alikwenda usiku pembezoni mwa msitu wa Pugu, akarekodi vyura, nyenje na upepo, akanitumia kwa simu. Mimi Kibaha nilisubiri saa nane za usiku, malori yapungue barabarani, ndipo nipige juu ya sauti hizo. Kwa ramani hatuko mbali. Kwa daladala lazima nishuke Mbezi, nitafute gari la Gongo la Mboto, ndipo nipate la Kisarawe. Kwa hiyo tulionana mara moja moja tu, na muda mwingi tulizungumza kwa sauti zilizorekodiwa.

Miezi ya kwanza alizirudisha rekodi zangu zote. "Mjomba, umejaza sana. Mpe chura nafasi."

Niliudhika. Mtoto niliyembeba mgongoni ananifundisha gita! Nilipunguza noti kumi zikawa sita, sita zikawa tatu, na bado akazirudisha. Usiku mmoja, kwa hasira, niliacha kutafuta kitu kipya. Nikapiga rizimu ile ile ya mwaka 1994, kipande kimoja cha noti nne, polepole, nikakirudia kwa dakika kumi. Asubuhi ujumbe ukaingia: "Hii ndiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kurudia kipande kimoja bila kuchoka wala kujionyesha ndiyo kazi niliyoifanya ujana wangu wote, ila ngoma na vumbi la wachezaji viliificha. Mpwa wangu hakuniletea ufundi wa kigeni; aliondoa tu vilivyoufunika ule niliokuwa nao. Kilichobadilika ni kile kitambo kidogo baina ya kipande na kipande, ambacho zamani kilikuwa kosa na sasa chura anakaa humo.

Albamu ina vipande sita, na hakuna hata kimoja kinachochezeka. Nilimpelekea kiongozi wetu wa zamani, sasa ni mzee wa mkongojo. Aliisikiliza yote, kimya, kidevu juu ya fimbo.

"Sasa hii nani atailipia kiingilio?" akauliza. Kisha akaomba nimrudishie kipande cha tatu.

Posho yangu ya mwaka 1994 hajanilipa hadi leo.