Mchagua Kinanda

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii, hata hivyo, haimfai anayeanza kujifunza kinanda cha umeme. Mkulima hodari aweza kulima kwa jembe butu, kwani mikono yake imekwisha kuijua kazi. Mikono ya mwanagenzi ingali inafunzwa na ala yenyewe.

Dukani, mwanagenzi huvutiwa na taa na mamia ya sauti za kuigiza. Hayo ni mapambo. Piano kamili ina vibonyezo 88. Kinanda chepesi cha vibonyezo 61, yaani oktava 5, chamtosha kuanzia, mradi vibonyezo viwe na upana wa kawaida. La msingi ni mguso: kibonyezo kikipigwa kwa nguvu kivume, kikiguswa taratibu kinong'one. Kinanda kisichotofautisha hayo humzoeza mtu kubonyeza, wala hakimfunzi muziki. Tena kiwe na tundu la visikizi, majirani wasikereke, na nafasi ya betri, maana umeme hukatika.

Kuna walioiacha ala wakidhani hawana kipaji, kumbe kipaji hakikupata pa kusemea.