Kitabu Kisicho na Jalada

Mwalimu Karla ametoka chuo kikuu moja kwa moja, kapangiwa shule ya sekondari kwenye mji mdogo wa Ujerumani Mashariki, na ana jambo moja tu kichwani: wanafunzi wake waseme wanachokifikiri. Wanafunzi wanashtuka. Wamezoea kurudisha jibu walilopewa, na mchezo huo wanaujua kuliko yeye. Mkuu wa shule, mzee mstaarabu wala si katili, anamtahadharisha. Wakubwa wa elimu nao hawafurahi. Polepole Karla anajirekebisha, anafundisha kilichoandikwa, anauliza maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Hapo ndipo anapoanza kusifiwa.

Hiyo sehemu ya kusifiwa ndiyo iliyoninyima usingizi. Mwalimu kuadhibiwa kwa kusema ukweli, hilo tumeliona kwenye filamu nyingi na tunajua tumuonee nani huruma. Lakini mwalimu anayepigiwa makofi siku aliyoacha kufundisha? Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na mwezi wa saba naenda TP. Niliisimamisha filamu pale, nikatoka nje kupunga upepo.

Filamu yenyewe inaitwa Karla. Mwongozaji ni Herrmann Zschoche, mwandishi aliyeshirikiana naye ni Ulrich Plenzdorf, na Karla anaigizwa na Jutta Hoffmann. Walianza kuipiga mwaka 1965. Mwaka 1966 ikasimamishwa kabla haijakamilika, ikafungiwa kabatini, na watu wakaja kuiona mwaka 1990, nchi iliyoitengeneza ikiwa inakata roho. Mimi nimeiangalia kwenye kompyuta ya rafiki yangu, na tafsiri ya Kiingereza ikipita chini.

Mtaniuliza, mtoto wa Unguja, Wajerumani wa nini? Jibu liko Michenzani. Mwaka 1964 Zanzibar ilikuwa serikali ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na wao wakaja na ramani za nyumba. Kwanza Kilimani, kisha yale mabloku marefu ya Michenzani ambayo mgeni yeyote wa mjini anayapiga picha. Mimi nimekulia chini yake. Siku zote nilijiuliza watu waliochora madirisha yale, yote sawasawa, kwao walikuwa wakisoma nini na jioni wakienda sinema kuangalia nini.

Kumbe walikuwa na mengi. Kampuni yao ya filamu, DEFA, ilianzishwa Mei 1946, hata kabla ya nchi yenyewe, ambayo ilizaliwa Oktoba 1949. Studio zilikuwa Babelsberg, pembeni mwa Berlin, na hapakuwa na kampuni nyingine ya kushindana nayo. Faida yake ni kwamba mwongozaji alikuwa na ajira, hakusumbuka kutafuta mdhamini. Hasara yake ni kwamba mlango ukifungwa pale, huna mlango wa pili wa kugonga.

Na mlango ulifungwa Desemba 1965. Kamati Kuu ya chama tawala, SED, ilikaa kikao chake cha kumi na moja. Kilitarajiwa kuzungumzia uchumi, kikageuka kuwa kesi ya wasanii. Erich Honecker alisoma taarifa iliyowashutumu kwa kueneza mashaka na kupotosha vijana. Baada ya hapo filamu kama dazeni hivi zikapotea, karibu kazi yote ya mwaka mzima. Watu walizipachika jina: filamu za sungura. Jina lilitoka kwenye filamu ya Kurt Maetzig, Das Kaninchen bin ich, yaani Sungura ni Mimi, inayomhusu msichana aliyenyimwa nafasi ya chuo kikuu kwa sababu kaka yake amefungwa kwa kosa la kisiasa. (Wewe unayelalamikia mkopo, hebu fikiria hilo.)

Jambo ambalo wengi hatulitegemei ni hili: waliofungiwa hawakuwa wapinzani. Maetzig alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa DEFA na mtu wa chama. Ukuta wa Berlin ulipojengwa mwaka 1961, baadhi ya wasanii walipata hata matumaini. Walisema sasa adui yuko nje, mlango umefungwa, basi humu ndani tutaambiana ukweli kifamilia. Waliuamini ujamaa wao, na kwa kuuamini wakaukosoa. Malipo yake Maetzig akalazimika kujikosoa hadharani gazetini. Frank Beyer, mwongozaji wa Spur der Steine, filamu yake ilionyeshwa siku chache tu mwaka 1966, tena chama kikapeleka watu ukumbini kuizomea. Yeye akaondolewa studio, akaenda kufanya kazi ya tamthilia Dresden. Miaka ya sabini alirudi na Jakob der Lügner, filamu pekee ya nchi ile iliyowahi kuteuliwa kuwania Oscar.

Kwenye vitabu utaratibu ulikuwa wa kistaarabu zaidi, na kwangu unatisha zaidi. Katiba ya 1949 ilisema magazeti hayakaguliwi. Neno lenyewe la udhibiti halikutumika ofisini. Kulikuwa na kibali cha kuchapa tu, kinachotolewa na Wizara ya Utamaduni, na kila muswada lazima ukipitie. Kwa hiyo mwandishi alikaa na mhariri wake wakikadiria mapema nini kitapita. Wajerumani wana msemo wa hali hiyo: mkasi ulio kichwani. Ilichukua hadi Novemba 1987 kwa mwandishi Christoph Hein kusimama kwenye mkutano mkuu wa waandishi na kuliita jambo hilo kwa jina lake, na kutaka liondolewe.

Sasa rudi kwa Plenzdorf, yule aliyeandika Karla. Filamu imefungiwa, yeye hakunyamaza. Mwaka 1972 alitoa Die neuen Leiden des jungen W., hadithi ya kijana Edgar aliyetoroka nyumbani na kujificha kwenye kibanda cha bustani Berlin. Usiku mmoja yuko chooni, gizani, hana karatasi. Anapapasa, anapata kitabu kichakavu, anachana jalada, ukurasa wa jina na kurasa za mwisho, kazi inafanyika. Kilichobaki anakisoma. Mwanzoni anakiona upuuzi mtupu, halafu hakimtoki kichwani. Ni Werther ya Goethe, mkubwa wa wakubwa, kitabu ambacho mwanafunzi wa Kijerumani huambiwa cha kusema juu yake kabla hajakifungua. Edgar hajui mwandishi ni nani, maana jina limekwenda na jalada. Hakuna aliyemwambia ajibu nini.

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikayaangalia madesa yangu ya fasihi mezani: dhamira tano, ujumbe nne, falsafa ya mwandishi mistari miwili. Nimefaulu kwa madesa hayo na sina ugomvi na aliyeyaandika. Lakini Kiswahili kidato cha tatu watanikuta mimi mbele, na watoto arobaini na kitu ambao tayari wanajua mwalimu anataka kusikia nini.

Mama yangu ni mwalimu wa mwaka wa ishirini na sita. Nilimwekea Karla, nikawa namtafsiria. Aliangalia kimya mpaka mwisho, pale Karla anaporudia msimamo wake na kuhamishiwa shule ya kijijini. Nikamuuliza, mama, unaonaje?

"Huyo binti ataishi," alisema. "Mimi namhurumia mkuu wa shule. Anajua kila kitu, na Jumatatu lazima afungue ofisi."

Akanyamaza kidogo, halafu: "Mwanangu, mtaala usiuache. Watoto wana mtihani, na mtihani hauna huruma. Lakini kipindi kina dakika arobaini. Huwezi kukosa kumi."

Barua ya TP imeshatoka. Wiki ya kwanza nina ushairi. Nimechagua shairi moja, nimelinakili kwa mkono, kichwa na jina la mtunzi nimeviacha nje. Nakala arobaini na tano, kwa pesa ya boom.