Kwa Baiskeli Kisiwani Pate

Kila chombo cha safari kina fadhila yake na kasoro yake. Motokaa humfikisha mtu upesi, lakini humnyima kuona. Miguu humwonyesha kila kitu, lakini humchosha kabla hajafika. Baiskeli imesimama kati ya hivyo viwili. Anayeipanda aweza kukivuka kisiwa kwa siku moja, na bado akapata nafasi ya kuitikia salamu ya kila amkutaye njiani. Msomaji, ukitaka kuijua miji ya kale ya pwani yetu, nakushauri upande baiskeli. Lakini kabla hujaondoka, sikiliza habari ya safari niliyoifanya nilipokuwa kijana, kwani katika safari hiyo nilifunzwa jambo ambalo sikulitafuta.

Katika mji wa Lamu wenyewe, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, baiskeli haina kazi kubwa. Vichochoro vyake ni vyembamba, na punda ndiye mwenye haki ya njia. Mpanda baiskeli hana budi kuvuka maji kwenda Pate, kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Lamu. Nilisafiri kwa mashua, baiskeli yangu imelazwa juu ya magunia ya unga. Tulipita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, ambao vyombo huupita maji yakijaa. Nahodha, mtu mzima mwenye maneno machache, alinitazama nikiangalia saa yangu akasema, “Huko uendako, mwanangu, saa si hiyo uliyoifunga mkononi. Saa ni maji.” Nilicheka. Sikujua kwamba neno hilo lingenirudia.

Nililala Faza, nikaondoka alfajiri baada ya sala. Faza ni mji uliokwisha kufa ukafufuka. Mwaka 1587 Wareno waliushambulia na kuuteketeza, kwa sababu watu wake walimwunga mkono Mir Ali Bey, jemadari wa Kituruki. Hata minazi haikusalimika, ilikatwa. Asubuhi ile nilipita chini ya minazi mingine, mirefu na yenye kuzaa, na watoto waliokuwa wakienda chuoni walinikimbilia nyuma wakicheka.

Njia ya kwenda Siyu si barabara ya lami. Ni mchanga, kisha udongo mgumu, kisha mchanga tena. Mara ya kwanza nilipoingia mchangani kwa kasi, gurudumu la mbele lilizama nami nikaanguka kifudifudi mbele ya mama mmoja aliyejitwika kuni. Hakucheka. Alisema tu, “Pole, mwanangu. Punguza upepo.” Nilipunguza upepo katika magurudumu, yakatanuka kidogo, yakapita juu ya mchanga bila ya kuzama. Basi huo ni ujuzi nikupao bure, msomaji, ambao mimi niliulipia kwa goti langu.

Baada ya hapo safari ilikuwa tamu. Siku hizi pikipiki zimefika kisiwani, lakini asubuhi ile sikusikia ila mnyororo wa baiskeli yangu, ndege, na upepo katika majani ya mikoma. Kila niliyekutana naye alinisalimu na kuniuliza nitokako na niendako, nami nilijibu bila ya kushuka. Mwenye motokaa angeipata wapi neema hiyo?

Siyu iko mwisho wa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Ngome yake ya matumbawe, ya karne ya 19, imesimama karibu na maji. Mji huu ulisifika kwa wanazuoni wake, kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, na kwa mafundi wa mbao na ngozi. Ulisifika pia kwa ushupavu. Mwaka 1844 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipeleka jeshi kuutiisha, nalo likashindwa. Siyu haikuangukia mkononi mwa ukoo wake mpaka mwaka 1863, zama za mwanawe, Seyyid Majid. Mke wa mmoja wa wakuu wa Siyu, Bwana Mataka, alikuwa Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha unaosomwa hata leo. Nilikaa katika kivuli cha ngome nikila tende, nikastaajabu jinsi ukuta mnene ulivyopasuka na maneno ya mama mgonjwa yakabaki mazima.

Kutoka Siyu nilishika njia ya Pate. Hapo mwiba wa mgunga ulinitoboa gurudumu. Nilikuwa na pampu, viraka na gundi, lakini sikuwa na mazoea ya kazi hiyo, na jua lilikuwa limekwisha kupanda nilipomaliza. Nilifika Pate nimechelewa, nina kiu na haraka.

Pate ya leo ni mji mdogo ulio ubavuni mwa mji mkubwa uliokufa. Hapa walitawala wafalme wa Kinabahani. Hapa mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka kwa amri ya mfalme. Nguvu za Pate zilivunjika katika vita vya Shela, mnamo mwaka 1812, wakati watu wa Lamu walipowashinda Wapate na wenzao wa Mombasa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaona majumba hayo yakiwa matupu, akatunga Al-Inkishafi. Maji yakijaa hupwa. Sasa kati ya kuta zilizoanguka watu hulima tumbaku, na majani mapana hustawi palipokuwa kumbi za matajiri.

Nikiwa napita hapo nikiikokota baiskeli, niliona ardhini kigae cha sahani ya Kichina, cheupe chenye ua la buluu. Kilikuwa kidogo kuliko kiganja. Nilitazama huku na huku, nikakitia mfukoni. Mbele kidogo nilimkuta mzee akipalilia tumbaku yake. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa maji ya kunywa. Kisha akasema, bila ya kunitazama, “Kila mgeni huondoka na kimoja. Sisi twabaki kuhesabu vilivyosalia.”

Sijui kama aliniona. Nilishukuru kwa maji yale, nikapanda baiskeli, nikajiambia kwamba chombo hakitaningoja. Nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote hadi bandari ya Mtangawanda. Nilipofika, nahodha alikuwa amelala chini ya tanga. Maji yalikuwa hayajajaa. “Bado saa nzima na zaidi,” alisema.

Msomaji, nilikuwa na baiskeli nzima, nilikuwa na muda wa kutosha, na njia nilikuwa nimekwisha kuijua. Ningaliweza kurudi. Sikurudi. Niliketi gatini nikijifanya kutazama mikoko.

Miaka mingi baadaye nilikichukua kigae hicho nikampa mtaalamu wa mambo ya kale. Hakunikaripia. Aliniuliza tu: kilikuwa mahali gani hasa? Karibu na ukuta upi? Pamoja na vitu gani? Sikuweza kujibu hata swali moja. Ndipo akanieleza habari za Shanga, mji mwingine wa kisiwa kicho hicho, ulioachwa na watu wake katika karne ya 15. Katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake waliuchimba tabaka kwa tabaka, na chini ya msikiti wa mawe wakaona alama za nguzo za misikiti midogo ya miti, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Nguzo zenyewe zilikwisha kuoza. Waliyoyasoma ni mashimo yake tu. Kama mtu angaliuvuruga mchanga ule, tusingalijua kwamba Uislamu ulikuwako pwani hii mapema kiasi hicho. Kigae changu kilikuwa neno lililong'olewa katika kitabu: neno lenyewe lipo, lakini maana yake imepotea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kuondoa vitu vya kale bila ya ruhusa, lakini mimi nilihukumiwa kabla ya sheria hiyo, na yule mzee wa tumbaku.

Basi nenda Pate, kijana. Uliza habari za maji kabla ya kuondoka, chukua viraka, punguza upepo mchangani, na mtangulie kila mtu kwa salamu. Tazama kila kitu kwa macho yako yote. Na ukiona ua la buluu likichungulia mchangani, shuka, liiname ulitazame, kisha panda baiskeli yako uende zako, mifuko yako ikiwa mitupu kama ulivyokuja.