Safari ya Kura Tatu: Waliojitolea katika Uchaguzi wa Tanganyika, 1958–1959

Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika, walikutana Tabora, mji ulio zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati, ili waamue kama chama kishiriki uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya serikali ya kikoloni. Masharti hayo yaliudhi, kwa kuwa kila mpigakura alitakiwa kupiga kura tatu, yaani amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ihesabiwe kuwa imeharibika. Julius Nyerere, rais wa TANU, aliwasihi wakubali, kwa hoja kwamba kususia kungekiachia baraza chama cha UTP kilichopendelewa na serikali. Wakakubali, naye Zuberi Mtemvu, mwanachama aliyepinga uamuzi huo, akajitoa na kuanzisha chama chake.

Hata hivyo, safari iliyoifikisha TANU kwenye ushindi wa uchaguzi ule ilianza mapema zaidi, katika mitaa ya Dar es Salaam, mwaka 1955, pale Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipowaendea viongozi wa vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake wa Pwani yenye vyeo na mashindano yake, akiwaomba wawahimize wenzao wachukue kadi za TANU. Vikundi hivyo tayari vilikuwa na mambo ambayo chama kichanga huhangaika kuyapata: viongozi wanaosikilizwa, desturi ya kuchangishana, na njia ya kufikisha habari nyumba kwa nyumba bila barua wala gazeti. Kutoka mjini ujumbe ulisafiri kwenda bara, ambako Bibi Titi na viongozi wenzake walihutubia mikutano na kuandikisha wanachama, ingawa Usukumani serikali ilikataa kusajili matawi ya chama tangu 1954 hadi 1958.

Jambo linalostahili heshima kubwa kuliko hotuba zote za Tabora ni kwamba wengi wa waliojitolea hivyo hawakuruhusiwa kupiga kura hata moja kati ya zile tatu. Sheria ilidai umri wa miaka 21 pamoja na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa na serikali, na mama muuza vitumbua, aliyetoa senti zake kuchangia nauli ya msemaji, hakuwa na kimojawapo. Katika nchi ya watu karibu milioni tisa, walioandikishwa hawakufika laki moja. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU, wakiwemo Waasia na Wazungu, wakashinda.

Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa, hata aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili akaweza kuandikishwa. Wengi wa wasiojua kusoma, wakiwemo wanawake wengi, walisubiri hadi uchaguzi wa rais wa 1962.