Kutoka Diski Iliyogawanywa hadi Mashine Pepe

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtu aliyetaka kujaribu programu asiyoiamini, au kuijua Linux bila kuiacha Windows, kwa kawaida aliigawa diski ya kompyuta yake na kusakinisha mfumo endeshi, yaani programu mama inayoongoza mashine nzima, katika kila sehemu. Waliopitia kipindi hicho wanaikumbuka hofu yake. Uchaguzi wa mfumo utakaowaka ulianzia kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, ambamo LILO, programu ndogo ya kuchagulia mfumo, iliweka maelekezo yake. Windows iliposakinishwa upya iliandika ya kwake juu ya hayo bila kuuliza, na Linux, ijapokuwa faili zake zilikuwa salama, haikuwaka tena. Isitoshe, kinga yenyewe ilikuwa hafifu, kwani programu haribifu iliyopewa mamlaka kamili upande mmoja iliweza kufuta hata upande wa pili wa diski hiyohiyo.

Suluhisho lilikuwa limekwisha kubuniwa zamani. Katika miaka ya 1960, wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Marekani, waliunda CP-40, mfumo uliomfanya kila mtumiaji aione kompyuta moja kubwa kana kwamba ni yake peke yake, na kompyuta hiyo inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi ndiyo mashine pepe. Mwaka 1999 kampuni ya VMware iliifikisha mashine pepe kwenye kompyuta za mezani, ingawa prosesa za kompyuta hizo hazikuundwa kwa kazi hiyo.

Faida kubwa kuliko zote, na isiyosifiwa vya kutosha, ni kwamba diski ya mashine pepe ni faili tu: mjaribu huhifadhi hali yake, huendesha programu, huitazama ikiharibu kila kitu, kisha huirudisha mashine ilivyokuwa kwa muda mfupi.

Hata hivyo ukuta unaoitenga mashine pepe na kompyuta halisi una nyufa. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa VENOM, iliyokuwamo tangu 2004 katika QEMU, programu ya kuendeshea mashine pepe, kwenye sehemu yake inayoigiza kiendeshi cha disketi, kifaa ambacho karibu kila mtu alikwisha kukiacha, na ambayo ingeweza kumruhusu mshambuliaji kutoka ndani ya mashine pepe hadi kwenye kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi inayoiendesha. Ndiyo maana wachunguzi makini wa virusi huondoa vifaa pepe wasivyovihitaji, hufunga folda za pamoja na kukata mtandao kabla ya kuanza jaribio.